Mizani imegoma wiki ya tano, futi inasema kiuno kimepungua sentimita 4. Nani anasema kweli?

#1 KochaWaAlfajiri
Habari za muda huu wadau. Naleta vipimo, naomba majibu ya watu wanaojua kupima.

Mwanamke, miaka 37, urefu sentimita 162. Siku ya kwanza: kilo 84, kiuno 98, nyonga 114, paja la kulia 66. Baada ya siku 35: kilo 83.6, kiuno 94, nyonga 113, paja 65.5.

Ratiba yake: kutembea kwa kasi dakika 45, siku tano kwa wiki. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: skwati, pushapu za ukutani, kuvuta mpira. Alikuwa anakunywa soda mbili za ml 300 kila siku, zote zimefutwa. Ugali wa jioni umekatwa nusu.

Mizani inamwambia wiki tano zote amepoteza gramu 400. Suruali inamwambia habari nyingine. Sasa anataka kuacha, na ni kwa sababu ya ile mizani tu. Kama uzito uko palepale, hizo sentimita 4 zimekwenda wapi? Na nyie mnaofundisha watu, mnawaonyesha nini ili wauone mwili unavyobadilika kabla mizani haijakubali?

#2 Mtazamaji_Mtulivu
Ngoja wajuzi waje. Nimeweka kambi hapa.

#3 MisuliKwanza
Mkuu, hilo liko wazi. Misuli ni mizito kuliko mafuta. Kapoteza mafuta, kajenga misuli, vimefidiana. Mwambie aitupe mizani, aendelee na skwati.

#4 NesiWaZamu
MisuliKwanza, naomba nikuweke sawa. Kilo ya misuli na kilo ya mafuta zote ni kilo. Kinachotofautiana ni nafasi. Lita moja ya mafuta ya mwili ina gramu 900 hivi, lita moja ya misuli ina gramu 1,060 hivi. Kwa hiyo kilo 3 za mafuta zinachukua lita 3.3, na kilo 3 za misuli lita 2.8.

Halafu kasi. Mwanamke anayeanza mazoezi, tena akiwa amepunguza kula, akijenga nusu kilo ya misuli kwa mwezi amejitahidi sana. Misuli peke yake haiwezi kuficha kilo mbili au tatu za mafuta ndani ya siku 35.

Mimi naangalia maji. Mtu akianza mazoezi mapya, misuli inapata michubuko midogo na kuvimba kidogo. Ndiyo yale maumivu yanayokolea kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi. Uvimbe huo ni maji. Misuli inayofanya kazi pia hujiwekea akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na takribani gramu 3 za maji. Juu ya hapo, majimaji ya damu yenyewe huongezeka katika wiki za mwanzo za mazoezi ya pumzi, kama huko kutembea kwa kasi. Jumlisha yote, unapata kilo moja hadi mbili ambazo si mafuta wala misuli.

#5 Hesabu_Haidanganyi
Tupige hesabu basi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi.

Soda mbili za ml 300 zina sukari gramu 64 hivi, sawa na kalori 250. Nusu ya ugali wa jioni, tuseme ni unga gramu 100, hiyo ni kalori 360. Kutembea dakika 45 kwa mtu wa kilo 84 kunampa kalori 200 na kitu juu ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Mara 25 ndani ya wiki tano, ukigawa kwa siku 35 unapata 150 kwa siku. Jumla kalori 760 kwa siku. Zidisha mara 35, gawanya kwa 7,700: kilo 3.5 hivi za mafuta, kama hakufidia popote.

NesiWaZamu anasema maji yanaficha kilo moja hadi mbili. Bado kuna kilo moja na ushei haijulikani ilipo. Ama amekula mahali pengine, ama vipimo vina makosa.

#6 FundiFuti
Kabla hamjafika mbali na maji, niulize swali la fundi: kiuno kilipimwa wapi?

Watu watatu wakishika futi watapima sehemu tatu. Mmoja kwenye kitovu, mwingine pale panapobonyea, mwingine pale mkanda wa suruali unapokaa. Kwa mtu mwenye tumbo hizo zinaweza kupishana sentimita 5 na zaidi. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ni huu: papasa ubavu wa mwisho kwa chini, papasa juu ya mfupa wa nyonga, weka alama ya kalamu katikati yake. Futi ipite hapo ikiwa sawa na sakafu pande zote, mbele na nyuma. Mara nyingi inateleza mgongoni, na anayepima haoni kwa sababu amesimama mbele. Miguu iwe karibu, mikono ilegee, apumue kawaida, na usome pale pumzi inapomaliza kutoka. Futi iguse ngozi bila kuacha alama. Pima mara mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita 1, rudia.

Na futi yenyewe. Zile laini za plastiki zikitumika sana zinavutika. Ilaze juu ya rula ya chuma ya sentimita 30, uanze kwenye sifuri. Ikifika 30 nyuma au mbele ya rula, tafuta nyingine.

#7 KochaWaAlfajiri
FundiFuti asante, umenigusa. Mara zote mbili ilikuwa kwenye kitovu na futi ni ileile. Ila mara ya kwanza alijipima mwenyewe jioni, mara ya pili alipimwa na msaidizi asubuhi.

#8 Mtazamaji_Mtulivu
Kocha umepeleka shauri mahakamani na mashahidi wawili ambao hawajawahi kuonana 😄

#9 FundiFuti
Basi toa sentimita 1 hadi 2 za jioni. Mchana mzima mtu amekula, amekunywa, tumbo lina gesi. Zinazobaki 2 au 3 ni zake halali. Kwenye suruali hizo unazihisi kabisa: mkanda wa ngozi wa kawaida una tundu kila sentimita 2.5. Ukisogea tundu moja, hiyo ndiyo habari.

#10 DukaLaDawa_Tanga
Na mizani je? Hapa hajaulizwa mtu. Mizani ya mshale ya nyumbani ina mistari ya kilo moja moja au nusu kilo. Gramu 400 haionekani kwenye mistari hiyo. Ya betri inaonyesha pointi, lakini ukiiweka kwenye zulia au sakafu yenye mteremko inakupa namba yake. Zile za barabarani unapanda na viatu, simu, pochi, umetoka kula wali: hapo kilo mbili si zako.

Namna ya kuijaribu: lita moja ya maji ni kilo moja. Jipime mikono mitupu. Kisha chukua dumu la lita 5 lililojaa, jipime ukiwa umelishika. Tofauti iwe kilo 5 na gramu chache za dumu. Ikisoma 4 au 6, usilie wala usifurahi kwa sababu ya mizani hiyo.

Kupima: asubuhi, baada ya msalani, kabla ya chai, nguo nyepesi zilezile, sakafu ngumu, mizani haijahamishwa. Andika kila siku, chukua wastani wa siku saba, linganisha wastani na wastani. Uzito wa mtu mzima unapanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku mbili bila mafuta hata kidogo kuongezeka. Supu yenye chumvi jana usiku inatosha.

#11 KochaWaAlfajiri
Ni ya betri, dukani, akiwa amevaa. Nguo tofauti siku hizo mbili.

#12 Hesabu_Haidanganyi
Mkuu! Dera na suti vinapishana kilo nzima. Ile kilo yangu iliyopotea nahisi imeanza kuonekana.

#13 MamaPacha_Msa
Wanaume mmezunguka, hakuna aliyeuliza mzunguko wa mwezi. Siku za kuelekea hedhi mwili unashika maji, wengine nusu kilo, wengine mbili, na tumbo linajaa. Mzunguko wa siku 28, siku ya 35 iko wiki moja mbele ya pale alipoanzia. Kama alijipima mara ya kwanza wiki ya tatu, sasa yuko wiki ya nne ambayo ndiyo ya maji. Mwanamke alinganishwe na nafsi yake ya wiki ileile ya mwezi uliopita. Kocha, acha hesabu ya siku 35, tumia 28.

#14 NesiWaZamu
#13 hapo umenena. Hilo ningelianza nalo mimi.

#15 Mwenye_Swali
Naomba kuuliza nje kidogo. Kujifunga nailoni tumboni wakati wa kukimbia kunasaidia? Jasho linatoka kweli kweli, na mizani inashuka siku hiyohiyo.

#16 NesiWaZamu
Inashuka kwa sababu umetoa maji. Ukinywa lita moja, kilo yako imerudi. Mafuta hayatoki kwa jasho. Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapa hesabu ya watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown: kilo 10 za mafuta zikiisha mwilini, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya kaboni kwa kupumua, na 1.6 zinabaki kuwa maji. Njia kuu ni mapafu. Nailoni kwenye joto la Dar inapandisha joto la mwili, inaleta kizunguzungu na misuli kukakamaa. Iache.

Na kabla hujauliza: chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya mmea wa senna (sanamaki), ambayo ni dawa ya kuharisha. Tumbo linalala kwa sababu utumbo umemwagwa. Ukitumia muda mrefu unapoteza chumvi za mwili, hasa potasiamu, na hiyo inagusa moyo.

#17 Mwenye_Swali
Asante Nesi. Nimeelewa.

#18 MpiganiaTumbo
Mimi naona wote mmepita jambo moja. Kiuno kimeshuka 4, nyonga 1, paja nusu. Mafuta yametoka katikati. Yale ya ndani, yanayozunguka utumbo na ini, mara nyingi huanza kuondoka kabla ya yale ya chini ya ngozi. Ndiyo maana mtu anaingia kwenye suruali lakini akijishika pembeni nyama uzembe iko palepale, halafu anasema hakuna kilichobadilika.

Jaribuni hivi. Lala chali, legeza tumbo. Kama ni gumu na limetuna kama mpira, sehemu kubwa ni mafuta ya ndani. Kama unaweza kukamata mkunjo mnene kwa vidole, hayo ni ya chini ya ngozi. Ya kwanza yanaitikia mapema kutembea na kupunguza sukari. Ya pili, hasa ya mapaja na makalio ya mwanamke, ni magumu kuhama. Na huwezi kuyachagua: mikunjo ya tumbo 200 kwa siku inakaza misuli iliyo chini ya mafuta, mafuta yenyewe yanatoka mwili mzima kwa mpangilio uliorithi.

#19 MisuliKwanza
Nakubali kasoro ya #3, lakini siachii misuli moja kwa moja. Kocha, pushapu zake zimefika wapi? Kama alianza ukutani na sasa anafanya kwenye meza, kuna kitu kimejengwa.

#20 KochaWaAlfajiri
Alianza ukutani mara 8. Sasa ukingo wa meza mara 12, seti tatu.

#21 NesiWaZamu
Nguvu hiyo ni yake na anastahili kuifurahia. Ila wiki nne hadi nane za mwanzo sehemu kubwa ni neva: ubongo unajifunza kuita nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja. Unene wa misuli unafuata baadaye.

#22 MisuliKwanza
Na paja? Limeshuka nusu sentimita tu huku kiuno kinashuka 4. Mafuta yametoka pajani, misuli imeingia, futi haikuona. Hapo sijajibiwa.

#23 MwanaMbio_Iten
Ongezeni mapigo ya moyo, yanasema mapema kuliko mizani. Asubuhi kabla hajanyanyuka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Asitumie dole gumba kupimia, lina mapigo yake. Ahesabu dakika nzima, si sekunde 15 mara nne, maana kosa la pigo moja linakuwa manne. Asubuhi tatu, achukue wastani. Anayeanza kutoka hali ya kukaa tu, kushuka mapigo 5 hadi 10 ndani ya wiki au miezi michache ni kawaida. Homa inaharibu kipimo, nyuzi moja ya joto inaongeza mapigo kama 10. Kahawa na usingizi mbaya pia.

Cha pili: ngazi ya sentimita 30, panda na kushuka mara 24 kwa dakika, dakika 3 bila kusimama. Kaa chini, hesabu mapigo ya dakika moja inayofuata. Rudia kila wiki nne kwa ngazi ileile na saa ileile. Namba ikishuka, pumzi imekua, hata kama uzito haujaguswa.

#24 KochaWaAlfajiri
Haya nayo ninayo. Mapigo ya asubuhi 82 mwanzoni, sasa 75.

#25 MwanaMbio_Iten
Saba! Na huyo ndiye anataka kuacha? Mwandikie hiyo namba ukutani.

#26 BintiMsuka
Hapa Dar tatizo lingine ni watu. Ukipungua kidogo, mtaa mzima: "Mbona umekonda, unaumwa?" Mwanamke anajitahidi miezi mitatu, anafika kwenye harusi, shangazi anamvuta pembeni anamuuliza kama ndoa ina matatizo. Kwetu kunenepa ni kunawiri, ni mume anakutunza. Huyo dada wa Kocha huenda mizani ni kisingizio, kuna mtu kamwambia amefubaa.

#27 NesiWaZamu
Na hofu hiyo ina mizizi. Miaka ya 1980 Uganda ugonjwa wa UKIMWI uliitwa "Slim" kwa jinsi ulivyokondesha. Kifua kikuu nacho ni hivyohivyo. Watu wazima wa leo walizika ndugu waliokonda. Tusiwacheke, tuwape namna ya kutofautisha.

Anayepungua kwa mazoezi: anajua alichobadilisha, kasi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, hamu ya kula ipo, nguvu zinaongezeka, kiuno kinatangulia, usingizi mzuri. Anayepaswa kwenda hospitali: amepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kupanga. Kwa mtu wa kilo 84 hiyo ni kilo 4.2. Ziangaliwe zaidi kama kuna kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kiu na kukojoa sana, au mapaja na mabega yanakwisha huku tumbo limebaki. Hata aliye kwenye mazoezi, akiona dalili hizo asiziite mafanikio.

#28 MamaPacha_Msa
Sahihi. Na anayetumia dawa za sukari au presha asisubiri kizunguzungu. Mwili ukipungua dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno. Daktari ndiye wa kuipunguza, si yeye mwenyewe. Presha hushuka karibu milimita moja kwa kila kilo inayoondoka, kwa hiyo kitabu cha presha nacho kiwe kwenye orodha ya Kocha.

#29 BintiMsuka
Kuna alama nyingine wateja wa saluni hawaijui: weusi wa shingoni. Ule mnene, laini kama mahameli, kwenye mikunjo ya shingo na makwapa. Wengi wanausugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu mpaka ngozi inachubuka.

#30 NesiWaZamu
Dada umeona mbali. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini imezidi kwenye damu kwa sababu mwili hauisikii vizuri. Hausuguliki. Apime sukari. Uzito ukishuka na sukari ikitulia, weusi huo hufifia polepole, kwa miezi. Apige picha shingo leo na baada ya miezi mitatu, mwanga uleule wa dirishani. Nchini Marekani utafiti mkubwa uliotoa majibu mwaka 2002 ulionyesha kuwa watu walio karibu kupata kisukari, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Kwa huyu wa Kocha asilimia 7 ni chini ya kilo 6.

#31 Bibi_wa_Pangani
Wajukuu, sisi hatukuwa na mizani. Tulikuwa na kanga. Jifunge kiunoni, angalia pindo la nje linaishia wapi tumboni. Likizidi kusogea kuelekea ubavuni, umepungua. Na shanga za kiunoni: zikiwa zinakaa juu ya kitovu, halafu zinaanza kuteremka nyongani zenyewe, kiuno kimekwenda.

#32 FundiFuti
Shikamoo bibi. Kipimo hicho kina hesabu kabisa. Kanga ina urefu wa sentimita 150 hivi. Kiuno cha 98, mpishano ni 52. Kiuno cha 94, mpishano ni 56. Ila iwe kanga iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa. Mpya ina wanga wa kiwandani na ikifuliwa inarudi. Na shanga ziwe zimetungwa kwa uzi usiovutika. Za uzi wa mpira zitakufuata popote kiuno kinapokwenda, hazitakuambia kitu. Jinzi zenye mpira ni vilevile, asubuhi zinabana, jioni zimelegea.

#33 Bibi_wa_Pangani
Marahaba fundi. Mpira ni wa watoto.

#34 MamaPacha_Msa
Kocha, ana watoto?

#35 KochaWaAlfajiri
Watatu. Wa mwisho ana miaka miwili.

#36 MamaPacha_Msa
Basi mwangalie kama misuli ya tumbo imeachana. Alale chali, magoti juu, anyanyue kichwa na mabega kidogo. Weka vidole kwa kulala juu ya kitovu, kisha penyewe, kisha chini yake. Vikizama zaidi ya viwili katikati, misuli haijakutana. Hapo tumbo linaweza kubaki mbele hata mafuta yakiisha, na mikunjo ya tumbo ya nguvu inalitunisha kama paa katikati. Aanze na kupumua nje huku anavuta kitovu ndani, na kutelezesha kisigino sakafuni mguu mmoja mmoja. Pengo likipungua kidole kimoja, kiuno kinashuka bila gramu kupotea. Nami naweka hilo kama jibu la nne la swali lako.

#37 Hesabu_Haidanganyi
La tano ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120. Aliyekata ugali akaongeza mboga ya kukaanga, vijiko vitatu vinameza ugali wote aliouacha. Kocha hakutuambia mboga inapikwaje.

#38 MpiganiaTumbo
Na kama mafuta ya kupikia yangekuwa yanameza ugali wote aliouacha, kiuno kingeshuka kweli?

#39 Hesabu_Haidanganyi
Kwa maelezo ya #36, kingeweza.

#40 KochaWaAlfajiri
Nashukuru sana wadau. Nimechukua haya: wastani wa siku saba, siku 28, alama ya kalamu kati ya ubavu na nyonga, mapigo ya asubuhi, ngazi, presha, kipimo cha vidole tumboni, na mboga niikague. Picha nitapiga mbele, ubavu na nyuma, simu ikiwa usawa wa kitovu, mita 2 kutoka kwake, maana simu ikiwa karibu inanenepesha kilicho mbele yake. Kila wiki nne.

Swali la mwisho kwa FundiFuti. Ile suruali yake ya kazini inashuka, anataka kuibana. Asubiri au apeleke sasa?

#41 MisuliKwanza
Apeleke. Paja bado hamjanijibu lakini.

#42 FundiFuti
Apeleke, ila amwambie fundi asikate kitambaa. Suruali ya kike ya kitambaa inapunguzwa kwenye mshono wa nyuma. Fundi afumue mkanda nyuma katikati, apige bandi kwa mkono kwanza, mteja aivae, akae kwenye kiti, ainame. Ikikubali ndipo ishonwe kwa nyuzi ndefu zinazofumuka kirahisi. Kwa sentimita 4 anaingia 2 kila upande. Zaidi ya 5 usibane nyuma tu, mifuko itasogeleana na mguu utapinda. Fungua pande zote mbili.

Kitambaa kilichozidi kibaki ndani, kipigwe pasi kilale. Akiigeuza suruali atauona mstari wa mshono wa zamani, matundu ya sindano bado yapo, na sentimita 2 kando yake mstari mpya. Mwezi ujao akija tena, tunaweka wa tatu.